Mkamwana Hasimami Mbele ya Mkwe

Mkamwana wangu aliporudi chuoni akiwa mtu mzima, swali la kwanza la majirani lilikuwa nani atapika. Nikawajibu kwamba atapika yule yule aliyekuwa akipika kabla mkamwana hajazaliwa, yaani mimi, na kama kuna mwenye njaa sana aje na kuni zake. Hakuja mtu.

Humu sitaandika jina la mtu. Wasije wakasema bibi amezeeka, amesahau. Majina ninayo yote: ya waliosimamia harusi yangu, ya watoto wa ukoo waliokufa wachanga, ya kila dereva wa lori la mbao aliyewahi kunipa lifti kutoka Mafinga mpaka Mbeya. Shule niliishia darasa la nne, na nisichokiandika ilibidi nikishike kichwani. Lakini jina ndilo lililoleta maneno yote haya, kwa hiyo majina nayaacha yakae yalipo. Aliye wa nyumba yetu akisoma atajijua.

Mkamwana mwenyewe ni mke wa mwanangu wa kwanza. Mwanangu ni fundi wa mashine za kusaga mawe ya dhahabu kule Chunya, na anarudi nyumbani mwisho wa mwezi akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Mke anauza mbegu na dawa za mimea katika duka la pembejeo hapa Tukuyu. Digrii aliianza mara ya kwanza Iringa akiwa msichana, akaiacha kwa sababu ya mimba. Akaianza tena Mbeya mjini, watoto wakiwa wameanza shule, akaiacha kwa sababu ya mume wangu.

Hapo nieleze. Mume wangu aliugua muda mrefu, na mimi mgongo ulikuwa umeninyima kuinama. Huku kwa watu wa Rungwe, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Si kwamba wamegombana, hiyo ndiyo heshima yenyewe. Mke wa mwana hapiti mbele ya mkwewe, hali naye, hamtazami usoni, na jina lake halitoki mdomoni mwake. Akimwona anakuja njiani, anaingia shambani mpaka apite. Na baba mkwe si mmoja, ndugu zake wa kiume nao ni baba mkwe vilevile. Wapo waliolegeza, hasa mjini. Nyumba yetu haikulegeza.

Basi mkamwana akaacha masomo akawa anapika uji wa mgonjwa asiyeruhusiwa kumwona. Anauweka mlangoni, anagonga bakuli kwa kijiko, anaondoka. Mume wangu anasubiri nyayo ziishe, ndipo ananiita niuingize. Akishiba anageukia ukuta wa jikoni anasema kwa sauti, "Ndaga, aliyepika," yaani ahsante. Upande wa pili inasikika sufuria ikigongwa kidogo. Ndiyo jibu. Siku ya kumuaga, mkamwana alipita mbele ya jeneza khanga ikiwa imemfunika uso mzima. Alimuuguza mtu ambaye hajui mpaka leo alikuwa na makunyanzi ya namna gani.

Ndiyo maana aliporudi mara ya tatu nilimwambia mimi mwenyewe, safari hii hutoki huko bila kofia. Nilizimaanisha zile kofia zao bapa kama sinia, wanazorusha juu.

Kozi ilikuwa ya biashara na mawasiliano, ya watu wazima wenye kazi zao. Jumamosi kutwa nzima wako darasani Mbeya mjini, jioni nyingine wanasomea kwenye simu. Alikuwa akinisimulia wenzake: askari magereza mmoja mpole kuliko wafungwa wake, mama mwenye saluni, mwalimu wa msingi aliyekuwa akisinzia mbele kabisa. Mhadhiri wao alikuwa kijana, mtu wa Iringa, akiwaita wote mama na baba na bado anawapa sifuri bila aibu. Nikampenda kabla sijamwona.

Somo lenyewe nilidhani ni mambo ya simu. Kumbe watu wazima wanafundishwa kuongea. Jumapili baada ya ibada, nikiwa namenya ndizi, mkamwana anasimama katikati ya jiko, anaweka mikono hivi, kifua mbele, ananihutubia. Mimi ndiye mkutano. Anasema anachotaka kwanza, sababu baadaye. Anaongea bila kushika karatasi. Nami sikuwa mkutano mzuri.

"Mbona hujatusalimia?" nikamuuliza siku ya kwanza.

"Nimesema habari za mchana, Mama."

"Hiyo si salamu, huko ni kupiga hodi. Kwetu Mufindi ukifika mahali unasema kamwene, unauliza watoto, unauliza ng'ombe, unauliza mvua. Ukija mbio hivyo watu wanajua umeleta msiba."

Alicheka mpaka akakaa chini. Lakini Jumapili iliyofuata alinisalimia vizuri, akauliza mpaka mgongo wangu, kisha akaenda kwenye maneno yake.

Kitu kilichomshinda kilikuwa macho. Mhadhiri aliwaambia kwamba anayeongea na watu awatazame usoni, mmoja mmoja, na kwamba macho yana alama zake. Mkamwana akianza kuongea, macho yanapanda kwenye paa. Nikawa natupa ganda la ndizi kila yanapopanda. Jiko likajaa maganda.

Kazi ya mwisho, ile ya kumaliza digrii, ilikuwa hivi. Kila mwanafunzi anachukua biashara ya kweli au kikundi cha kweli, anawasikiliza watu wake, anatafuta mahali maneno yanapokatikia, halafu anasimama mbele ya watu wale wale, mhadhiri akiwa amekaa nyuma, anawaambia wafanye nini. Asiposimama hana alama, na asiye na alama anarudia mwaka. Mkamwana alichagua kikundi chetu cha wakulima wa parachichi. Mimi ni mwanachama kwa miti ya marehemu. Aliyajua matatizo yetu kama anavyojua sufuria zake: lori la mnunuzi linakuja, ujumbe unaingia kwenye simu ya mtu mmoja, na wengine wanapata habari lori likiwa limeshavuka daraja. Matunda yanaivia mtini, tunalisha nguruwe.

Alizunguka kwa wanachama tangu kiangazi. Akawasikiliza mpaka wale wanaoongea bila kituo. Mwenyekiti wa wakati ule alikuwa mwalimu mstaafu, mtu baki, hakuna shida yoyote. Kisha yule mwalimu akahamia Mafinga kwa binti yake, ikabidi tuchague mwingine. Likatajwa jina la shemeji yangu, mdogo wa marehemu, jirani yetu wa ng'ambo ya ua. Ni mtu wa haki na ana kifua cha kubishana na madalali. Mikono yote ikanyooka, na wangu ukiwemo. Tukapiga makofi.

Jioni nikamwambia mkamwana habari ya mwenyekiti mpya. Alikuwa anapanga nguo. Akaacha kupanga.

"Mama," akasema, "si ndiye mkwe wangu huyo."

Kweli, ndiye. Ukoo mzima ulikuwa mkutanoni na hakuna aliyefikiri. Mtu tunayejua wote kwamba anapokohoa tu njiani mkamwana wetu anaruka ua, tumemweka kwenye kiti ambacho mkamwana lazima asimame mbele yake aongee. Nasema makosa mengine yanahitaji watu wenye mila kuyafanya.

Alijaribu njia zote za adabu. Alimwendea mhadhiri kuomba abadilishe kikundi. Mhadhiri akasema muda umekwisha, akibadilisha atarudia kozi mwakani. Akaomba mwenzake, yule askari magereza, amsomee maneno yake. Mhadhiri akamjibu kwa upole, "Digrii ni yako, mama. Sauti lazima iwe yako." Siwezi kumlaumu. Hata mimi nisingempa mtu mahari ya binti aliyekaa nyumbani akamtuma jirani kanisani afunge ndoa badala yake.

Shemeji naye akamtuma mtoto wake atuambie kwamba hana ubaya na masomo. Mkamwana aandae, mwenzake asome, yeye mkamwana akae nje ya ghala karibu na dirisha asikilize. Atoke yeye mwenyekiti? Hapana. Mkutano wake wa kwanza, aukimbie?

Mkamwana akakunja karatasi zake, akaziweka juu ya kabati, kule tunakoweka vitu vya wageni. Hakulia. Afadhali angelia. Alisema tu, "Basi Mama. Nimeshazoea kuacha." Kisha akaniuliza kama maharage yamebaki.

Nilichemka, sitaki kuficha. Huyu mtu aliacha Iringa kwa ajili ya mtoto wa ukoo, akaacha Mbeya kwa ajili ya mgonjwa wa ukoo, na sasa ataacha kwa ajili ya kiti cha ukoo. Nikachukua fimbo yangu nikavuka ua.

Shemeji alikuwa barazani anachonga mpini wa jembe. Sisi ni watani, mimi na yeye, tangu nilipoletwa hapa. Aliponiona na fimbo akasogea.

"Shemeji, umekuja kunitoa madarakani? Hata wiki sijamaliza."

Nikakaa. Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya mkamwana. Akaacha utani. Akasema maneno yake taratibu, na nayaandika kama alivyoyasema kwa sababu hayakuwa ya kijinga. Alisema mama yake alipita humo, dada zake kwa wakwe zao walipita humo. Alisema dunia imechukua vitu vingi, na hiki kimoja bado kinamfanya mtu ajue ameingia nyumba ya nani. Nikamwambia mkamwana ana mtihani.

"Na mimi nina ukoo," akasema. "Asimame pale anitazame mdomoni, vijana watasemaje?"

"Watasema wamewahi lori."

Akacheka, lakini hakutikisika. Kisha akanyoosha ule mpini kunielekea.

"Wewe mwenyewe, shemeji. Ulitoka Mufindi, kwa watu wengine. Tangu uingie nyumba hii, jina la baba yangu hujalitaja. Mzee amelala kaburini, hakusikii, na bado hulitaji. Kwa nini ulichoweza wewe kimshinde yeye?"

Nikainuka. Nikarudi nyumbani na fimbo yangu.

Ni kweli. Kwetu tuna adabu za wakwe, lakini si kwa ukali ule. Nilipoletwa bibi harusi nilikuwa bado nachanganya njia za shamba. Siku moja natoka kisimani na beseni la maharage niliyoyaosha, nikainua macho, baba mkwe huyu hapa, anakuja na mbwa wake. Sikufikiri. Nilijitupa kwenye mahindi na beseni langu. Maharage yakatawanyika njia nzima. Yeye akapita, akiwa ameangalia upande wa pili kama mtu anayehesabu ndege. Mbwa peke yake ndiye aliyekuja kunitazama. Mama mkwe alicheka mpaka akashika mti. Baadaye akanifundisha: jina lake hulitaji, sema "mwenye kiti cha mlangoni." Nikasema hivyo. Alipokufa niliendelea. Mume wangu alipokufa niliendelea. Sikuwahi kujiuliza, na sisemi nililazimishwa. Mdomo ulizoea kulipita jina lile kama miguu inavyozoea kupita jiwe la njiani.

Usiku ule jiwe lilikuwa limekaa kifuani. Kulipokucha nikamwambia mkamwana ashushe karatasi. Akaniuliza kuna nini kimebadilika. Nikasema hakuna. Aende tu, hata akikaa dirishani aende, asije akasema kesho hakuitwa. Alinitazama sana. Kisha akapanda kwenye kigoda.

Jumamosi yenyewe tulikutana ghalani. Kreti za parachichi zilipangwa pembeni, shuka jeupe limetundikwa ukutani kwa ajili ya ile mashine ya picha, benchi zimejaa. Mhadhiri alikaa nyuma na kalamu yake, amevaa tai, anapiga chafya kwa sababu ya vumbi. Askari magereza alikuwepo, karatasi mkononi, anatoka jasho kuliko mwenye mtihani. Shemeji alikaa mbele kwenye kiti cha mwenyekiti, kofia magotini. Mkamwana alikuwa nje ya dirisha. Niliona ncha ya khanga yake tu.

Shemeji akafungua mkutano kwa sala. Akasema mkamwana wetu ameandaa jambo zuri, na mwenzake atalisoma. Mhadhiri akasimama, akaomba radhi kwa wazee, akasema wakisoma kwa niaba yake yeye atasikiliza kwa furaha, ila kalamu yake itabaki mfukoni. Watu wakatazama dirisha.

Nikasema naomba kuongea kama mwanachama. Shemeji akaniruhusu. Alidhani nitawasihi.

Nikasimama. Niliwasalimia kwa salamu za kwetu, ndefu, mpaka mvua. Nikamsalimia mhadhiri kwa kamwene, akaruka kidogo, hakutegemea kuisikia huku. Kisha nikasema, "Ardhi hii lilipo ghala ilitolewa na mtu. Miche ya kwanza ya miti hii aliibeba mtu kichwani. Hapa ndani vijana wamekaa kwenye ardhi yake na hawajui anaitwa nani. Wanaume wangeweza kuwaambia, lakini wanaume walikuwa machimboni na sokoni. Waliowalea ni sisi, wake wa nyumba, na sisi midomo yetu ilikuwa imefungwa. Leo nafungua wa kwangu."

Nikalitaja. Jina lake lote, na la baba yake.

Hapa sitaliandika, nimeshasema. Lakini pale nililisema kwa sauti ya mtu anayemwita mwingine ng'ambo ya bonde. Mama mmoja wa makamo yangu alijifunika mdomo kama jina limetoka kwake. Mwingine akatoka nje kabisa. Kijana mmoja nyuma akauliza mwenzake, "Nani huyo?" na mwenzake akamjibu, "Baba wa babu yako, mjinga wewe." Na yule mwenzake ninajua hakuwa anajua mpaka dakika ile.

Shemeji hakunitazama. Alikuwa amekamata kofia kwa mikono miwili. Nadhani alikuwa hajalisikia jina la baba yake kwa sauti ya mwanamke tangu bibi yake afe. Nilingoja kitu, sijui nini. Kuku alipita mlangoni. Ndiyo yote.

"Mwanangu," nikasema kuelekea dirishani, "ingia."

Nikasikia viatu vyake vikizunguka ghala.

Aliingia na khanga kichwani. Sasa yote yalibaki kwa shemeji. Akitoka, mkutano unavunjika na digrii inaondoka naye. Watu wote walimtazama yeye, si mkamwana. Alikaa. Akavaa kofia, akaivua. Kisha akasimama, na mimi nikasema moyoni basi, imekwisha. Akakamata kiti chake kwenye egemeo, akakigeuza, akakaa tena, uso kwenye kreti za parachichi, mgongo kwa mkutano.

"Endeleeni," akaziambia parachichi.

Mkamwana akaanza. Alisema anachotaka kwanza, kama alivyofundishwa, lakini kabla ya hapo alisalimia kama nilivyomfundisha mimi. Akaonyesha kwenye shuka jinsi ujumbe wa lori unavyoingia kwenye simu moja na kufia humo. Akasema ujumbe uende kwa wote kwa wakati mmoja, na bei iandikwe kwenye ubao nje ya ghala kabla lori halijafika. Alimgeukia huyu, akamgeukia yule. Aliwatazama watu machoni. Nilikuwa nimeshika ganda la ndizi mfukoni kwa dharura, sikulitumia.

Wakafika kwenye maswali. Kreti zikakohoa.

"Hebu mwulizeni huyo anayeongea," shemeji akasema akiwa amegeuka vile vile, "asiye na simu ya picha atapataje habari?"

Katibu, ambaye alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwa wote wawili, akasimama na uso mkavu kabisa akarudia swali. Mkamwana akamgeukia katibu.

"Mwambieni mwenyekiti, kwa hao kuna ubao, na kuna matangazo kanisani na msikitini baada ya ibada."

Katibu akageuka, akaziambia parachichi.

"Mwulizeni, ubao utaandikwa na nani? Maana hapa kila mtu mwandiko wake ni kama nyayo za kuku."

"Mwambieni, na wake tumeuona."

Ghala likalipuka kwa kicheko. Niliona mabega ya shemeji yakitikisika, na mpaka leo anasema alikuwa anakohoa. Walijibizana hivyo mpaka katibu akaomba maji. Kila kilichobishaniwa kilibishaniwa, na kabla ya mchana ubao ulikuwa umeamuliwa, na mtu wa kuuandika, na fedha ya chaki. Mhadhiri alikuwa anaandika wakati wote, kichwa chini.

Alifaulu. Sasa nieleze kilichoniudhi. Matokeo yalipotoka alinionyesha kwenye simu, akasema alama zote ni nzuri isipokuwa za macho. Mhadhiri alizikata kwa sababu kuna msikilizaji mmoja, tena mkuu wa mkutano, hakutazamwa hata mara moja. Kiti kiligeuzwa, sawa, lakini mwisho wakati wa sala shemeji aligeuka na wote tukasimama, na mkamwana akainamisha uso. Mhadhiri aliona hilo.

Nikawaka. "Mimi nimevunja kitu nilichokishika tangu usichana wangu, mbele ya watu, na wewe ukaangalia viatu?"

Alikuwa anachambua mchele. Hakuacha.

"Mama, wewe ulivunja cha kwako. Cha kwangu niachie mwenyewe."

Alisema kusimama na kuongea alikuwa anakutaka. Kumtazama mzee yule usoni hakukutaka, na alama zile alizikosa kwa kupenda kwake. Nikavuta beseni la ndizi. Nilizimenya zote nikiwa bado na hasira, na mpaka sasa hasira hiyo ninayo kidogo.

Akina mama wa ukoo walikuja kwangu baadaye, watatu, wamevaa vizuri. Walisema nimeharibu, inafaa nipeleke kuku kwa shemeji na kuomba radhi kwa kulitaja jina. Nikawakaribisha, nikawapikia kuku yule yule. Walipomaliza kula nikawaambia ndiye waliyekuwa wanamtaka. Mmoja alikasirika. Mmoja aliomba shingo. Wa tatu, mkubwa wao, aliniuliza mlangoni akiwa anaondoka, kwa sauti ya chini sana, jina la baba yake baba mkwe lilikuwa lipi, maana hakulisikia vizuri kwa vile alikuwa ametoka nje.

Siku ya mahafali tulikwenda Mbeya mjini na basi. Majina yanasomwa kwa kipaza sauti, na aliyetajwa anasimama. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikiyapokea moja moja, ya askari magereza, ya mama wa saluni, ya yule mwalimu msinziaji. Liliposomwa la mkamwana wangu nilisimama mimi kwanza, kabla yake. Mwanangu wa Chunya alinivuta gauni. Ng'ambo ya uwanja, mbali, upande ambao mkamwana asingepita, shemeji alikuwa amesimama peke yake na kofia yake. Alipiga makofi akitazama mlima.

Hakuwa ameongea na mimi tangu ghalani mpaka hapo, na hakuongea siku ile pia. Lakini Jumapili iliyofuata, jua likiwa bado lipo, wajukuu zake waliruka ua wakaja kwangu kundi zima. Nikawauliza nani amewatuma. Wakasema, Babu. Amesema tukuulize majina.

Nikawakalisha kwenye mkeka. Mkamwana alikuwa jikoni anaosha vyombo, kofia yake ya chuo imetundikwa kwenye msumari juu ya kabati. Nikaanza na lile la ghalani, nikawarudishia mpaka wakalisema wenyewe kwa pamoja, kisha la baba yake, kisha nikapanda nao ukoo. Njiani wakapita wawili wa wale akina mama watatu wakitoka kanisani. Waliposikia, wakaongeza mwendo.

Ng'ambo ya ua kulikuwa na mtu anakohoa. Hakuondoka. Nikapaza sauti kidogo.